Pasta e fagioli: supu nzito ya maharage na makaroni, hatua kwa hatua

Chomeka mwiko katikati ya sufuria. Mwiko ukisita kidogo kabla ya kulala, supu yako imefika. Huo ndio uzito ninaotaka uupate utakapomaliza mwongozo huu, maana watu wengi wanaopika chakula hiki mara ya kwanza hupata maji yenye maharage yanayoelea, kisha wakasema Waitaliano hawajui kupika maharage.

Neno supu lenyewe linaweza kukupotosha. Kwetu supu ni mchuzi mwepesi wa mifupa na nyama, unaonywewa asubuhi pamoja na chapati. Hii hainyweki. Ni maharage yaliyolainika mpaka sehemu yake imeyeyuka na kuwa rojo, na ndani ya rojo hilo makaroni madogo yameiva huku yakinyonya ladha yote. Huliwa kwa kijiko, na aliyemaliza bakuli moja haulizi kinachofuata.

Jina lake maana yake ni hiyo tu: tambi na maharage. Ukienda Napoli utasikia pasta e fasule, na kaskazini kule Veneto utasikia pasta e fasoi. Wahamiaji waliotoka kusini mwa Italia walilibeba jina lao hadi Marekani, na huko likageuka "pasta fazool". Ni chakula cha wakulima na vibarua, watu waliokuwa wakiyaita maharage nyama ya maskini.

Jambo kubwa la kushika ni hili: mchuzi wa chakula hiki ni maji yaliyopikiwa maharage. Hakuna mchuzi mwingine. Ukiyamwaga yale maji ukaweka ya kuku au ya kidonge, au ukachemsha makaroni kando na kuyachuja, umeshatupa nusu ya chakula chako. Karibu kila ninachokueleza hapa chini kinalenga kuyalinda maji hayo na kuyafanya yawe mazito na matamu.

Maharage gani?

Waitaliano wa kaskazini hutumia borlotti, maharage ya rangi ya krimu yenye michirizi ya zambarau, ambayo yakiiva hugeuka kahawia na michirizi hupotea. Yanayosifiwa zaidi hutoka Lamon, kwenye milima ya mkoa wa Belluno, na tangu 1996 jina la Lamon linalindwa na sheria ya Ulaya, yaani si kila mtu anaweza kuliandika kwenye gunia lake. Toscana na Napoli hupenda cannellini, meupe na marefu kidogo. Watoscana wanayala sana hata Waitaliano wenzao huwaita mangiafagioli, yaani walaji wa maharage.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki, rosecoco ndiyo ndugu wa karibu wa borlotti: yana madoa, ngozi yake si ngumu, na yakiiva ndani huwa laini kama viazi. Mwitemania pia yanafaa. Maharage ya njano huiva haraka na kutoa rojo zuri, ingawa ladha yake ni ya upole zaidi. Mekundu madogo yale yenye ngozi nene ningeyaacha kwa ajili ya makande, hayataki kuyeyuka.

Na kama ulicho nacho ni kunde, pika kunde bila wasiwasi. Maharage haya tunayoyajua leo yalitoka Amerika, yakafika Ulaya baada ya safari ya Columbus ya 1492. Kabla ya hapo, kilichoitwa fagiolo Italia kilikuwa kunde, zao lililotoka Afrika. Katika Galleria Colonna mjini Roma kuna picha aliyoichora Annibale Carracci miaka ya 1580, ya mkulima aliyeinama juu ya bakuli lake, kijiko kimefika karibu na mdomo. Maharage yaliyomo kwenye bakuli ni meupe, yenye jicho jeusi. Kwa hiyo kunde ndani ya sufuria hii ni mwenyeji wa zamani kuliko borlotti.

Kuliko aina, angalia umri. Maharage yaliyokaa muda mrefu ghalani, hasa penye joto na unyevu kama pwani, hupatwa na ugumu usioondoka: utayachemsha saa nne na katikati bado yatakuwa kama jiwe. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Yanayong'aa na yasiyo na makunyanzi ndiyo unayoyataka. Yenye vitundu vya wadudu yaache hapo hapo.

Vitu vya kuandaa, kwa watu watano au sita

Maharage makavu gramu 350
Makaroni madogo gramu 160
Kitunguu maji 1 kikubwa, karoti 1, shina 1 la selari
Kitunguu saumu punje 3
Mafuta ya zeituni vijiko 5 vya chakula, na mengine ya kumalizia
Nyanya ya kopo kijiko 1 cha chakula kilichojaa, au nyanya mbivu 2
Rozmari kijiti 1
Chumvi na pilipili manga
Ganda la jibini ya Parmigiano, kama unalo

Makaroni yanayotumika Italia ni ditalini au tubetti, vijibomba vifupi visivyozidi ukucha wa kidole. Ukikosa, chukua makaroni madogo yaliyopinda, au funga tambi ndefu ndani ya kitambaa safi na uzivunje vipande vya sentimita mbili au tatu. Kuvunja tambi hapa si kosa. Huko Napoli kuna kitu huitwa pasta mista, mchanganyiko wa maumbo mbalimbali, ulioanzia kwenye mabaki na vipande vilivyovunjika ambavyo watu wa kipato kidogo walinunua kwa bei ya chini. Leo viwanda vinaufunga kwenye paketi kwa makusudi, maana watu waliuzoea. Kitu kimoja tu usome kwa makini kwenye paketi: itafute iliyotengenezwa kwa ngano ngumu, ile inayoandikwa durum. Makaroni ya ngano laini huvurugika kwenye rojo zito kabla hujapakua.

Selari ikikosekana, ongeza karoti nusu na uendelee. Usiweke dhania badala yake, itaifunika ladha ya maharage yote. Tui la nazi nalo liache leo. Maharage ya nazi ni chakula kitamu, na ni chakula kingine.

Waitaliano wengi hutia mafuta au ngozi ya nguruwe. Asiyekula nguruwe hapungukiwi na kitu: mfupa mmoja wa ng'ombe wenye uboho ukichemka pamoja na maharage utaleta utamu uleule, na hata bila mfupa mafuta ya zeituni yanatosha. Parmigiano halisi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo anayechunga jambo hilo atafute jibini nyingine au aiache.

Kuloweka

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, chambua maharage, osha, kisha yaloweke kwenye lita mbili za maji yaliyokorogwa kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Wengi wetu tulifundishwa kwamba chumvi hufanya maharage yawe magumu. Kwenye maji ya kulowekea ni kinyume chake: chumvi huingia kwenye ngozi na kuchukua nafasi ya kalisi na magnesi, madini yanayoikaza ile ngozi, nayo ikapikika laini bila kupasuka ovyo.

Saa nane hadi kumi na mbili zinatosha. Ukiwa mahali pa joto, Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari kwa mfano, usizidishe, kwa sababu maji huanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Yaweke kwenye friji, au badilisha maji mara moja. Kunde hazihitaji kulowekwa.

Asubuhi mwaga maji hayo na usuuze vizuri. Haya ndiyo maji pekee utakayoyamwaga.

Kuchemsha maharage

Weka maharage kwenye sufuria nzito pamoja na lita mbili na nusu za maji mapya, punje moja ya saumu iliyopondwa kwa ubapa wa kisu, na nusu ya kijiti cha rozmari. Washa moto mkali. Yakianza kuchemka, engua povu la kijivu kwa upawa, na yaache yatokote kwa nguvu kwa dakika kumi kamili au zaidi.

Hizo dakika kumi ni za lazima. Maharage mabichi, hasa mekundu na ya madoadoa, yana sumu ya asili inayoitwa lektini, inayoweza kumtapisha na kumharisha mtu vibaya hata akila punje chache. Moto wa kuchemka huivunja. Moto wa vuguvugu hauivunji. Mwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole ayachemshe kwanza kwenye jiko la kawaida ndipo ayahamishie humo.

Baada ya hapo punguza moto mpaka maji yawe yanacheka tu, vipovu vichache vinapanda na kupasuka. Funika, acha upenyo mdogo. Kwenye jiko la mkaa huu ndio wakati wa kutoa makaa kadhaa. Ganda la Parmigiano, lililokwanguliwa na kuoshwa, au ule mfupa wa uboho, vitie sasa. Ganda hilo halina nta, ni jibini yenyewe iliyokauka, na litatoa utamu taratibu.

Rosecoco iliyolowekwa huchukua saa moja hadi mbili. Maji yakishuka chini ya maharage, ongeza ya moto kutoka kwenye birika, si ya baridi. Kwa presha kuka, dakika ishirini na tano tangu ianze kupiga filimbi huwa zinatosha. Punguza maji yabaki lita moja na nusu, kwa kuwa mvuke hautoki sana, na usijaze chombo zaidi ya nusu kwa sababu ya povu.

Chumvi, kijiko kimoja cha chai, itie maharage yanapoanza kulainika. Kuwa na mkono mwepesi, ganda la jibini lina chumvi yake.

Nyanya usitie bado. Mara ya kwanza nilipopika chakula hiki nilikuwa na wageni, nikatupa kila kitu ndani pamoja ili niokoe muda, nyanya nne zikiwemo. Saa tatu na nusu baadaye wageni walikuwa wamekula mkate, na maharage yalikuwa bado yanalia kwenye meno. Ukali wa nyanya huzuia gundi iliyo kwenye kuta za maharage isiyeyuke, hivyo punje hubaki ngumu. Kwanza yaive, nyanya baadaye.

Na magadi? Najua jikoni kwetu ni jambo la kawaida, na ni kweli yanalainisha. Lakini hupunguza vitamini B1, na huacha ladha ya sabuni. Kwenye maharage ambayo maji yake yanamwagwa pengine hutaiona ladha hiyo. Hapa tunayala maji yenyewe. Kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvichumvi nyingi, tumia ya mvua au ya chupa. Ikishindikana kabisa, robo ya kijiko cha chai cha magadi kwa sufuria nzima, si zaidi.

Utajua yameiva namna hii: chukua punje tano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, zibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa. Zote tano lazima ziyeyuke. Ikibaki hata moja yenye chembechembe, endelea.

Kaango la mboga

Wakati maharage yanamalizika, kata kitunguu, karoti na selari vipande vidogo sana, vya ukubwa wa punje ya choroko. Waitaliano huuita mchanganyiko huu soffritto, na ndipo ladha ya kaskazini mpaka kusini inapoanzia. Weka vijiko vitano vya mafuta ya zeituni kwenye kikaango, tia mboga na chumvi kidogo, moto mdogo.

Hapa ndipo haraka inapoharibu mambo. Tumezoea kukaanga kitunguu kwa moto mkali mpaka kiwe cha hudhurungi, na kwa pilau au mchuzi ndivyo inavyotakiwa. Kwa chakula hiki hatutaki rangi. Tunataka mboga zilainike, zitoe maji yake, zing'ae, na kitunguu kiwe kama kioo. Inachukua dakika kumi na tano. Ukisikia zinapasukapasuka kwa kelele, moto umezidi. Tia kijiko cha maji na upunguze. Harufu itabadilika kutoka ile ya kitunguu kibichi hadi utamu kama wa karoti iliyochomwa, na utaielewa ikifika.

Tia saumu mbili zilizobaki, zimekatwa nyembamba, pamoja na majani machache ya rozmari yaliyokatwakatwa. Baada ya dakika moja tia nyanya ya kopo na uikaange mpaka igeuke nyekundu iliyokolea na mafuta yajitenge pembeni, dakika mbili hivi. Kama unatumia nyanya mbichi, zimenye, zikate, na uzipike mpaka maji yake yakauke.

Sipendi nyanya nyingi katika chakula hiki. Veneto wengi hawatii kabisa, au hutia kidogo tu. Rangi unayoitafuta ni ya udongo wa kahawia wenye wekundu kwa mbali. Ikiwa nyekundu kama mchuzi wa spageti, nyanya zimezidi.

Kuunganisha na kuponda

Ondoa kijiti cha rozmari na mfupa kwenye maharage. Mwaga kaango lote ndani ya sufuria, kisha chota maji ya maharage, osha nayo kikaango, uyarudishe. Usiache mafuta hata tone. Vichemke pamoja dakika kumi.

Sasa chota theluthi moja ya maharage pamoja na maji yake kidogo. Wapishi wa Veneto huyapitisha kwenye chujio la mkono ili maganda yabaki juu na kinachoshuka kiwe laini kama krimu. Ukiwa na chujio la matundu ya wastani na mgongo wa upawa, fanya hivyo, inalipa. Blenda pia inafaa: iache ipoe kidogo, jaza nusu tu, na ushikilie mfuniko kwa kitambaa, kwa sababu mvuke wa moto unaweza kuurusha. Asiye na vyote viwili ayaponde kwa mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Rudisha na ukoroge.

Katika hatua hii iwe nyepesi kuliko unavyotaka iwe mezani. Nyepesi kweli, kama uji wa kunywa. Makaroni yatakunywa maji mengi na kutoa wanga wake, na ikiwa tayari ni nzito itashika chini na kuungua. Weka birika la maji ya moto karibu. Onja chumvi sasa, maana makaroni hayatakuwa na chumvi nyingine zaidi ya hii.

Makaroni ndani ya sufuria ileile

Supu ikiwa inachemka, mimina makaroni na ukoroge mara moja mpaka chini. Kuanzia hapa usiondoke jikoni. Maharage yaliyopondwa na wanga hushuka chini na kuganda, na harufu ya kuungua ikishaingia haitoki. Koroga kila baada ya nusu dakika, mwiko ukigusa tako la sufuria. Ikikaza mapema, ongeza maji ya moto nusu kikombe kwa mara.

Angalia muda ulioandikwa kwenye paketi, ukatoe dakika mbili. Ikisema tisa, zima moto saba. Makaroni yatakuwa bado na ukinzani kidogo kwenye jino, na ndivyo inavyotakiwa.

Funika, na uiache dakika kumi bila kuigusa. Najua watu wana njaa na harufu imeshatoka nje, lakini hizi dakika kumi ndizo zinazoifanya iwe pasta e fagioli. Makaroni humalizikia kuiva kwa joto lililobaki, rojo hukaza na kuwa moja. Wanapoli wana neno kwa hali hiyo, azzeccata, yaani iliyoshikana.

Ukifunua, toa ganda la jibini (kwetu haligombaniwi, hupewa mdogo kuliko wote alitafune), koroga, na ujaribu ule mwiko. Ikiwa imekaza kupita kiasi, maji ya moto vijiko viwili vitatu vitailegeza. Pakua, zungushia kila bakuli mafuta ya zeituni mabichi kijiko kimoja, saga pilipili manga juu. Jibini iliyokwanguliwa ni hiari, kidogo tu. Mafuta ya mwisho si pambo: joto la bakuli huamsha harufu yake, na ndiyo ya kwanza utakayoisikia.

Usiile ikiwa inatoa moshi. Ladha ya maharage hujitokeza ikipoa kidogo, na Veneto wakati wa kiangazi wengine huila ikiwa vuguvugu kabisa.

Kubakiza na kubadilisha

Makaroni yaliyolala ndani ya supu huvimba na kupoteza umbo. Kwa hiyo ukijua utapikia siku mbili, pika maharage mengi, uyaponde, kisha gawa sufuria kabla ya kutia makaroni. Nusu ya kesho ipoze, iweke kwenye friji ambako hukaa siku tatu, au kwenye friza miezi miwili. Siku ya kula unaichemsha, unaongeza maji, na unapikia makaroni mapya. Usiiache mezani usiku kucha. Wanga na maharage pamoja huchacha upesi kwenye joto.

Ukiishi pwani na ukapata kome wabichi, jaribu namna ya Napoli. Wasugue, tupa wote waliofunguka na hawafungi ukiwagonga, kisha wapashe kwenye sufuria iliyofunikwa kwa moto mkali mpaka wafunguke. Wasiofunguka nao tupa. Wachomoe kwenye makombe, chuja maji yao kwa kitambaa ili kuondoa mchanga, na utie maji hayo kwenye supu kabla ya makaroni, ukipunguza chumvi. Kome wenyewe watie mwisho kabisa, baada ya kuzima moto. Namna hii tumia maharage meupe, na jibini usiweke.